Mukasa si Poseidon: jinsi ya kulinganisha miungu na mashujaa wa kale ukiwa kando ya Ziwa Victoria

Orodha zinazosema "mungu huyu wa Wagiriki ndiye yule wa kwetu" zimejaa mitandaoni, na nyingi huanguka kwa swali moja tu la ziada. Ukiambiwa kwamba Mukasa, mungu wa ziwa wa Waganda, pamoja na Mugasha wa Wahaya aliye wa asili moja naye, ndiye Poseidon (mungu wa bahari wa Wagiriki) wa Ziwa Victoria, uliza: kwa tendo lipi? Kwa masimulizi ya nani, yaliyoandikwa lini? Mara nyingi utakuta kinachowaunganisha ni maji peke yake.

Kulinganisha ni kazi yenye hatua zake. Anayeishi Mwanza, Musoma, Bukoba au Ukerewe ana bahati ambayo wasomi wengi wa maktabani hawana: mwambao huu unakutanisha masimulizi ya Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wahaya, Wajaluo na Waganda, na wanaoyasimulia kwa mdomo bado wapo. Vifaa ni vichache. Unahitaji kaunta buku nene, rula, kalamu za rangi tatu, na simu yenye kinasa sauti. Kinachohitajika kwa wingi ni subira ya kusoma simulizi lote hadi mwisho, hata pale muhtasari wake unapopatikana bure.

Chagua kwa tendo, usichague kwa cheo

Kosa kubwa hutokea mwanzoni kabisa. Mtu anachukua cheo, mungu wa bahari au mungu wa vita, kisha anatafuta mwenye cheo hicho kwa taifa jingine. Vyeo hivyo vimetungwa na waandishi wa kamusi. Waliokuwa wakipeleka sadaka waliwajua miungu wao kwa yale waliyotenda na kwa yale waliyoyachukia.

Kwa hiyo, kabla hujafungua kitabu cha watu wengine, andika matendo kumi ya mhusika wako, kila moja kwa sentensi yenye kitenzi: alizaliwa hivi, alidai hiki, alikasirishwa na hili, aliondoka namna hii. Ukishindwa kufikisha hata sita, bado hujamjua vya kutosha. Rudi kwenye vyanzo.

Mfanyie Mukasa hivyo uone kinachotokea. Katika maelezo ya mmisionari John Roscoe, yaliyochapishwa mwaka 1911, makao makuu ya Mukasa ni kisiwa cha Bubembe, kwenye visiwa vya Ssese. Alama yake ni kasia. Dhoruba na samaki viko chini yake, huwapa watu watoto, hasa mapacha, na ni mpole: hadai uhai wa binadamu. Sasa mweke Poseidon pembeni yake. Huyu ana mkuki wa meno matatu, anatikisa ardhi, ni bwana wa farasi, na ana kinyongo kirefu. Kwa Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, anamtesa Odysseus baharini kwa sababu ya jicho la mwanawe Polyphemus, ambalo Odysseus alilipofua. Kwa Waganda kutikisa ardhi si kazi ya Mukasa hata kidogo, ni ya Musisi, na radi ni ya Kiwanuka. Ukiondoa maji, hakuna kilichobaki.

Kuna mwingine ambaye watu hawamkumbuki kwa kuwa hana umaarufu: Njord wa Skandinavia. Snorri Sturluson wa Iceland, aliyeandika karibu mwaka 1220, anasema Njord anaongoza mwendo wa upepo, anatuliza bahari, huombwa na wasafiri wa majini na wavuvi, na ana utajiri wa kumgawia amtakaye. Wanawe ni Freyr na Freyja, na Freyr ndiye anayeombwa mavuno na amani. Utulivu, upepo, samaki, neema ya uzazi na mali: hapo pana la kuzungumza. Ndiyo maana kila mhusika wako mtafutie wagombea watatu, na angalau mmoja awe mtu ambaye hukumfikiria kwanza.

Nani kasema, na lini

Kwa kila simulizi andika tarehe tatu zilizotengana: mhusika anadaiwa kuishi lini, andiko la zamani zaidi tulilonalo ni la lini, na nakala uliyosoma wewe ni ya lini. Wanaozichanganya hufikia hukumu za ajabu. Sargon wa Akkad, mfalme wa Mesopotamia ya kale, alitawala katika karne ya 24 na ya 23 KK, na lipo simulizi kwamba mama yake alimweka kwenye kikapu cha matete kilichozibwa kwa lami, akakiachia mtoni, mchota maji Akki akamwokota. Watu hurukia kusema kisa cha Musa kimenakiliwa hapo kwa kuwa Sargon ni wa kale zaidi. Lakini vibao tulivyonavyo vya simulizi hilo vimetoka Ashuru na Babeli za karne za baadaye sana, karibu karne ya 7 KK. Umri wa mfalme si umri wa hadithi yake. Kufanana kupo na kunastahili kuchunguzwa, ila hoja ya "huyu alitangulia" haisimami kwa ushahidi huo.

Achilles, shujaa wa Wagiriki, ni mfano mwingine wa lazima. Kila mtu anajua kisigino chake, mahali pekee mwilini panapodaiwa kuwa dhaifu. Homer hakijui: katika Iliad Achilles anaweza kujeruhiwa kama watu wengine, na anatokwa damu mkononi. Kuchovywa utotoni katika Styx, mto wa kuzimu, ili mwili usidhurike, kunaonekana kwa mshairi wa Kirumi Statius, karne ya 1 BK, mamia ya miaka baadaye. Ukimlinganisha shujaa wa kwetu na "Achilles", taja ni Achilles wa nani.

Angalia pia mkono ulioandika. Kintu wa Buganda hulinganishwa na Adamu, kwa sababu ni mtu wa kwanza na mauti yanaingia baada ya agizo kuvunjwa. Soma simulizi lote. Ggulu wa mbinguni, baba yake Nambi ambaye Kintu anataka kumwoa, anamjaribu Kintu: ale chakula cha umati, apasue kuni za mwamba, amtambue ng'ombe wake ndani ya makundi makubwa. Nyuki ndiye anayemwonyesha ng'ombe. Mpaka hapo hakuna Adamu. Aliye karibu ni Psyche wa Apuleius, mwandishi wa karne ya 2 BK, anayepewa na mama mkwe kazi zisizowezekana na kusaidiwa na sisimizi kuchambua lundo la nafaka. Adamu anasogea mwishoni tu, pale wanaporudi kuchukua nafaka ya ulezi ya kuku waliyoisahau na Walumbe, yaani mauti, akawafuata. Walioliandika mapema, Apolo Kagwa aliyekuwa waziri mkuu wa Buganda na Roscoe, walikuwa Wakristo walioijua Biblia vizuri. Hilo haliwafanyi waongo. Linakupa sababu ya kuutazama mara mbili kila mstari unaofanana mno na kitabu cha Mwanzo.

Na yapo madai yasiyo na chanzo kabisa. Kwamba Horus alizaliwa na bikira na kuwa na wanafunzi kumi na wawili huoni katika maandishi ya Misri. Isis anachukua mimba kwa mumewe Osiris baada ya Seth kumuua, na picha za hekalu la Seti wa Kwanza kule Abydos zinaonyesha tukio hilo. Mithras, mungu aliyeabudiwa katika Dola ya Kirumi, naye anatoka mwambani, hana mama. Dai lisilotaja kibao, hekalu, kitabu au msimulizi, lifute kwenye daftari lako hata kama limerudiwa mara elfu.

Kusikiliza wazee bila kuwalisha maneno

Hapa ndipo kazi ya mwambao inapopita ya maktaba. Salamu kwanza, na kwa lugha ya nyumba hiyo. Kwa Msukuma "mwangaluka" ya asubuhi inafungua mlango kuliko barua yoyote. Eleza unachotaka na omba ruhusa ya kurekodi kabla simu haijatoka mfukoni. Kisha omba simulizi, usiulize swali la ndiyo au hapana. "Babu, nisimulie habari za Masala Kulangwa tangu mwanzo" ni ombi zuri kuhusu shujaa huyo wa Wasukuma. "Babu, Masala si ni kama Daudi na Goliathi?" limeshaharibu mazungumzo, kwani mzee mwenye adabu atakubaliana na mgeni wake, na tangu hapo unarekodi mawazo yako mwenyewe kwa sauti ya mtu mwingine.

Mambo yafuatayo yasikupite: ukoo wa msimulizi, kijiji, aliyemsimulia yeye, na lugha aliyosikia kwanza. Ukoo una uzito kwa sababu masimulizi mengi ya ziwa hili hueleza nani alifika kwanza na nani ana haki ya kutambika wapi, na kila ukoo humtukuza babu yake. Tafuta wasimulizi watatu wa vijiji tofauti kwa simulizi moja. Wawili wakipingana huna wa kuamua. Akiwapo wa tatu unaanza kuona kipi ni mfupa wa simulizi na kipi ni nyama ya fundi anayelisimulia. Muulize kila mmoja, mwishoni kabisa, kama amewahi kulisoma shuleni au kulisikia redioni. Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo, kwa mfano, ameigizwa na kuchapishwa, na baadhi ya wanaomsimulia leo wamemtoa kitabuni.

Upepo wa alasiri kutoka ziwani huharibu rekodi nyingi. Keti upande wa nyumba uliokingwa, simu iwe kama sentimita 30 kutoka kwa msimulizi, imefunikwa kwa kitambaa chepesi, na mtandao umezimwa ili isiite katikati. Zawadi ya sukari au sabuni itolewe wakati wa kuaga, kwa ajili ya muda wake. Ukilipa kwa kila simulizi, masimulizi yataongezeka na kurefuka. Saa moja ya sauti hula saa tano au sita za kuandika. Iandike kwanza kwa lugha ya msimulizi, Kiswahili kifuate. Ukianza na Kiswahili, majina ya mizimu, mimea na vyombo huyeyuka, na hayo ndiyo yenye thamani kubwa kwenye kulinganisha.

Anayetaka pa kuanzia karibu na mjini aende Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, Kisesa. Vifaa vya watemi, ngoma na vyombo vya waganga vilivyoko pale vitakuonyesha mambo ambayo simulizi huyataja kwa neno moja tu.

Jedwali: mfano wa Masala Kulangwa

Gawa ukurasa kwa safu nne za wima. Ya kwanza ni ya matendo kwa mfuatano wake, tatu zinazobaki ni za wahusika watakaolinganishwa. Kila tendo lina mstari wake. Kwenye kila kisanduku weka neno fupi na chanzo chake. Kisanduku kisicho na kitu kiache wazi, usikijaze kwa kukisia. Kalamu nyekundu ni ya tofauti, na ukurasa usio na wekundu umefanywa kwa haraka.

Simulizi la Kisukuma linasema dude Shing'weng'we liliwameza watu wote na mifugo. Akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye lundo la pumba. Akazaa mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Alipokua akauliza watu wako wapi, kisha akaenda kuwinda: akaleta panzi, akaleta ndege, akaleta swala, kila mara akimuuliza mama kama huyo ndiye Shing'weng'we, na mama akikataa. Mwisho akamkuta mwenyewe, akamuua, akampasua tumbo, watu wakatoka hai. Kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi akakasirika na kupanga kumroga, Masala akamtibu. Watu wakamfanya mtemi.

Weka kando yake Senkatana wa Wasotho. Kholumolumo anameza kila kilicho hai, anabaki mjamzito mmoja, mtoto anamuua, anapasua, aliye ndani anapiga kelele kisu kinapomfikia, watu wanatoka, kisha baadhi wanamchukia mkombozi wao na kumuua. Wa pili awe Nunda mla watu, wa hadithi ya Kiswahili iliyokusanywa Zanzibar na Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870: paka anakua hadi kula watu, mtoto wa sultani anamletea mama yake mnyama baada ya mnyama, na mama anajibu kwa wimbo kwamba siye Nunda. Wa tatu ni Kronos, baba yake Zeus, kama anavyosimuliwa na mshairi wa Kigiriki Hesiod, karibu mwaka 700 KK, aliyemeza wanawe watano na kuwatapika.

Sasa pima. Njia rahisi ni kutoa alama 1 kwa tendo linalopatikana kila mahali duniani, alama 3 kwa jambo dogo ambalo simulizi lingeweza kuendelea bila hilo, na alama 2 kila matendo mawili yanapofuatana kwa mpangilio uleule pande zote mbili. Masala na Senkatana wanashirikiana kumezwa kwa wote (1), mjamzito pekee (3), mtoto kuliua dude (1), kupasua tumbo (1), kisu kumgusa aliye ndani (3), na chuki dhidi ya mkombozi (3). Hizo ni 12. Mfuatano wa mambo hayo sita haukuvunjika popote, basi ongeza 10: jumla 22. Masala na Nunda: watu kuliwa (1), kumletea mama wanyama wasio wenyewe (3), kuua (1), na mfuatano 4, jumla 9. Masala na Kronos: kumeza (1), mama kumficha mtoto (1), mtoto kushinda (1), waliomezwa kutoka hai (1). Ila kwa Hesiod watoto wanatoka kabla ya vita vya ushindi, kwa hiyo mfuatano unaoshikamana ni mmoja tu, alama 2. Jumla 6.

Tarakimu hizi hazithibitishi kitu zenyewe. Kazi yake ni kukulazimisha uone kwamba sikio la bibi kizee lina uzito kuliko dude zima. Madude yapo kila pembe ya dunia. Kisu kinachomjeruhi mtu anayeokolewa, kisha uadui unaozaliwa na jeraha au wivu, hakihitajiki ili hadithi iende, na kikijirudia mahali pawili unapaswa kusimama na kuuliza njia.

Anayetaka kuona mambo hayo yametapakaa wapi atumie fahirisi ya motifu (vipengele vinavyojirudia katika hadithi) ya Stith Thompson, toleo la juzuu sita la 1955 hadi 1958. Dude limezalo wote ni F911.6, waliookolewa tumboni ni F913, gharika ni A1010, shujaa mwenye sehemu moja dhaifu ni Z311. Ni chombo cha kutafutia tu. Namba moja inaweza kukusanya simulizi zisizohusiana hata kidogo.

Shujaa mwenye siri mwilini

Lwanda Magere wa Kano, upande wa Kenya, mwili wake ulikuwa jiwe. Mikuki ya Walang'o, yaani Wanandi waliokuwa maadui wa Wajaluo, haikupenya. Walang'o wakampa binti yao awe mke. Siku moja Lwanda akiwa mgonjwa akamwambia mkewe amchanje dawa, wembe ukakataa mwilini, akamwambia achanje kivuli. Damu ikatoka kivulini. Mke akatoroka na siri, vita vikarudi, wakachoma kivuli, Lwanda akafa na kuwa jiwe.

Watu humlinganisha na Samson mara moja, na kweli mwanamke msaliti na maadui wanaongoja habari wapo pande zote. Lakini soma Waamuzi 16 taratibu. Samson ana nguvu. Hakuna mahali panaposema mwili wake haupenyeki. Delila analipwa fedha, anamsihi siku baada ya siku, anadanganywa mara tatu. Kwa Lwanda siri inatoka kwa njia ya tiba, mgonjwa akiomba msaada, na hilo linaifanya hadithi iwe na uchungu wa namna nyingine kabisa.

Mweke hapo Fumo Liyongo wa pwani, kama alivyo katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Silaha hazimwezi, ila sindano ya shaba kitovuni. Anayemuua ni mwanawe, aliyeahidiwa makuu na maadui. Liyongo anatoka na jeraha lake hadi kisimani, anapiga goti na kuvuta upinde, anafia hivyo hivyo, na watu wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Mwili usiopenyeka, siri ndogo, msaliti wa ndani ya nyumba, na maiti inayobaki imara kama sanamu: kwa mambo manne Liyongo yuko karibu na Lwanda kuliko Samson, na karibu sana kuliko Achilles, ambaye kwa upande wake hakuna msaliti wa nyumbani anayeuza siri. Ni jambo la kusikitisha kuona wanafunzi wa mwambao huu na wa pwani wakimtafuta Ugiriki mwenzake Lwanda, ilhali amelala Kipini, pwani ya Kenya.

Kwa nini zinafanana

Ukishapata kufanana kuliko imara, una maelezo manne ya kuchagua, na kila moja linadai ushahidi wake.

Urithi unadai undugu wa lugha. Dyaus Pitar wa Wahindi wa kale, Zeus Pater na Jupiter wanatoka kwa baba mmoja wa mbinguni, na wanaisimu wanaweza kuonyesha jinsi kila sauti ilivyobadilika. Jina tu halitoshi: "theos" la Kigiriki na "deus" la Kilatini, yote kwa maana ya mungu, hayana asili moja ingawa yanafanana kwa sikio.

Kuazimana kunadai njia: wafanyabiashara, ndoa, vita, mkalimani, na tarehe zinazoruhusu. Kumarbi wa vibao vya Wahiti kutoka Hattusa anamng'ata Anu, mungu wa mbingu, sehemu za siri, anapata mimba ya miungu, kisha mungu wa dhoruba anamshinda. Kwa Hesiod mbingu inahasiwa, Kronos anameza, na Zeus wa radi anashinda. Vizazi vinapangana vilevile, vibao vya Wahiti vimetangulia kwa karne kadhaa, na Wagiriki walikaa Anatolia, nchi hiyo hiyo ya Wahiti (Uturuki ya leo). Njia ipo. Masala na Senkatana nao wana njia, kwa kuwa Kisukuma na Kisotho ni lugha za Kibantu, lakini kwa pointi mbili huwezi kutenganisha urithi na kupokezana kwa majirani. Unahitaji vituo vya katikati, mfano boga la Washambaa linalomeza watu. Kila kituo unachopata kiweke kwenye ramani.

Mazingira yanayofanana huzaa mawazo yanayofanana bila watu kukutana. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko ziwa, pepo zinatoka kila upande na kukutana juu ya maji, na mvua za radi hukusanyika huko wakati mvuvi wa dagaa yuko kazini na taa yake. Watu wanaoishi hivyo watamwomba mwenye upepo, iwe Ssese au Norwe. Kwa Mukasa na Njord hili ndilo jibu, na halipunguzi thamani ya kulinganisha. Mahali penyewe pia huzaa simulizi. Ziwa Simbi karibu na Kendu Bay ni shimo lililojaa maji ya magadi, na inasimuliwa kwamba kijiji kilizama hapo baada ya kumfukuza bibi kizee mgeni, akaokoka yule mmoja tu aliyemkaribisha. Mshairi wa Kirumi Ovid anasimulia karibu hayohayo juu ya Baucis na Philemon, mke na mume wazee waliowakaribisha wageni kule Frigia.

La nne ni bahati, na kuna mahali utalazimika kuacha mlango wazi. Nyamgondho, mvuvi wa Gwassi upande wa Kenya, alivua mwanamke ziwani. Akatajirika kwa ng'ombe, kisha akiwa amelewa akamtukana, na mwanamke akarudi majini na mifugo yote ikamfuata. Kule Wales, kwenye ziwa Llyn y Fan Fach, simulizi lililochapishwa mwaka 1861 lina bibi harusi wa ziwani, ng'ombe wa mahari, sharti la kutompiga mara tatu, na ng'ombe wanaorudi majini. Alama zinapanda juu, ila njia ya kutoka Wales hadi Gwassi haionekani. Andika hivyo: kufanana kukubwa, njia haijaonyeshwa. Usitunge mabaharia.

Walipolinganisha wenyewe

Tofautisha ulinganisho wako na ule wa waumini wa kale. Mabamba ya dhahabu ya Pyrgi, Italia, yaliyogunduliwa mwaka 1964, yana maandishi ya Kietruska na ya Kifoinike, na yanamweka Uni, mungu wa kike wa Waetruska, mahali pa Astarte wa Wafoinike. Huo ni ushahidi wa mwaka 500 KK hivi kwamba walioabudu waliwaona hao ni mmoja. Wagermani nao walitafsiri siku za Warumi: siku ya Mercury ikawa ya Wodan, na ya Jupiter ikawa ya Thor, kwa ajili ya radi, ingawa mkuu wa miungu kwao ni Wodan. Ushahidi wa namna hii upe rangi yake kwenye daftari. Hauchanganyiki na maoni ya msomaji wa leo.

Masimulizi ya dini zilizo hai

Nyumba moja Mwanza inaweza kuwa na Msabato, Mkatoliki na Mwislamu. Gharika ukiiweka kwenye jedwali, ipe kila simulizi safu yake yenyewe. Katika kibao cha 11 cha Gilgamesh, utenzi wa kale wa Mesopotamia, Utnapishtim aliyeokoka gharika anatoa njiwa, mbayuwayu, kisha kunguru, na chombo kinakaa mlima Nimush. Katika Mwanzo kunguru anatangulia, njiwa anafuata, safina iko milima ya Ararati. Katika Kurani safina inatua Judi na mwana mmoja wa Nuhu anazama (Sura Hud, 42 hadi 44). Usijaze kisanduku cha Kurani kwa Biblia wala kinyume chake, kosa ambalo hutokea sana kwa mtu aliyelelewa na kitabu kimoja. Na usiandike kwamba kufanana kumethibitisha au kukanusha imani ya mtu. Jedwali linaonyesha simulizi lilivyosafiri. Halina chombo cha kupima wahyi.

Kuandika matokeo

Aya moja kwa kila jozi inatosha, yenye mambo haya: wahusika na vyanzo vyao, kilicho nadra pande zote mbili, tofauti kubwa kuliko zote, maelezo uliyochagua, na kitu ambacho kikipatikana kitakufanya ubadili mawazo. Kwa mfano:

"Lwanda Magere (masimulizi ya Kano) na Fumo Liyongo (utenzi wa 1913) wana mwili usiopenyeka, siri moja, msaliti wa nyumbani na maiti inayosimama imara. Wanatofautiana kwa msaliti: mke wa kabila adui, na mwana wa kumzaa. Siri ya Lwanda iko kivulini, nje ya mwili, jambo ambalo Liyongo hana. Maelezo: motifu iliyoenea, njia ya moja kwa moja haijaonyeshwa. Simulizi la kivuli likipatikana kati ya ziwa na pwani, nitapima upya."

Nakala ya kwanza ipeleke kwa mzee aliyekusimulia, umsomee kwa lugha yake kabla ya kuchapisha. Akisahihisha, andika sahihisho lake chini ya maneno ya awali pamoja na tarehe, na usifute ya kwanza.